Samaki Haliwi kwa Kutazama Ukuta

Mheshimiwa Lokaale, mwakilishi wetu wa wadi. Mwalimu Mkuu, Bwana Opondo. Mzee Aukot, mwenyekiti wa wazazi wa shule hii. Mapadre na wachungaji, ndugu wageni waalikwa, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mnaosikiliza kwa pua kwa sababu ya harufu ya jikoni: ejok! Sijasikia. Ejok! Haya, sasa tumesalimiana.

Leo mnaniaga. Nimekuwa afisa wa lishe hapa Lodwar tangu baadhi yenu mkinyonya, na nashukuru kwa sifa zote mlizonimwagia. Mheshimiwa Lokaale amesema nimebadilisha ulaji wa Waturkana. Mheshimiwa, asante sana. Ila ulisema hayo ukiwa na soda ya pili mkononi, nikajiuliza, hivi ni Mturkana yupi niliyembadilisha?

Tuambiane ukweli, maana semina za lishe tumezihudhuria wote. Tunakusanyika hotelini, tunafunga mapazia, tunaonyeshwa picha za matufaha, na mtaalamu kutoka Nairobi anatuhimiza tupunguze sukari, chumvi na mafuta, nasi tunatikisa vichwa kama watu waliookoka. Kisha inatangazwa saa ya chakula. Lo! Wali, chapati, viazi, nyama juu yake, na nyama nyingine pembeni ya kuisindikiza ile ya kwanza. Mboga ni kijiko kimoja tu, imewekwa ili isije ikalalamika kwamba haikualikwa.

Ukimuuliza mtu wetu kwa nini hali mboga, jibu analo tayari: "Madam, majani ni ya mbuzi. Mbuzi anakula majani, mimi nakula mbuzi. Si nimekula zote mbili?" Jibu tamu hilo, na nimelicheka miaka mingi. Lakini hebu mtazameni huyo mbuzi mnayemsingizia. Nani kati yenu amewahi kumwona amesimama chini ya mti mmoja kutwa nzima? Anang'ata huu, anarukia ule, anaokota maganda ya mgunga, halafu anashuka kunywa maji. Maji, Mheshimiwa, si soda. Yale yote niliyolipwa kuwafundisha, mbuzi anayafanya bila posho ya semina: usile kitu kimoja kila siku, changanya, na kula kile ambacho msimu umekuletea karibu.

Sasa tuje kwenye sufuria ya shule hii. Jumatatu, mahindi na maharagwe. Jumanne, maharagwe na mahindi. Jumatano mpishi anatafakari, kisha anarudi kwenye mahindi. Sisemi ni chakula kibaya. Mahindi yanatia nguvu, maharagwe yanajenga mwili. Lakini cha kuukinga mwili na magonjwa kiko wapi? Maziwa tunayojivunia yako Lokori pamoja na mifugo, imefuata malisho. Wafadhili wamekubali kutuletea samaki kutoka Kataboi kule ziwani, na kunde na mapapai kutoka mashamba ya Katilu. Kimebaki kitu kimoja tu, wazazi wanyooshe mikono kukubali, leo baada ya chakula. Na Mzee Aukot ameshatangaza kwamba mkono wake hautanyooka. Maneno yake ni haya: "Samaki ni chakula ya mtu hana mbuzi. Watu watasema watoto wetu ni maskini." Jameni, Mzee akikataa, nani mwingine atathubutu?

Kwa wageni wetu, Mzee Aukot ndiye yule aliyekataa kiti cha plastiki. Amekalia ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho mwanamume wa hapa hatoki nyumbani bila kukibeba. Mifugo yake inajulikana hadi mpakani. Mimi ninamheshimu, na ndiyo maana nimenyamaza mwaka mzima.

Mwaka jana nilikwenda Kakuma kikazi, nikaingia kwa Nyakim nile. Nyakim, simama wakuone. Dada huyu alitoka Sudan Kusini, anauza chakula kule kwenye kambi ya wakimbizi, na leo ndiye aliyetupikia. Basi, nikiwa nangojea mchuzi wake wa samaki mkavu na bamia, nikamwona mzee mmoja kwenye kona, amekalia ekicholong, uso kwa ukuta, mgongo kwa watu, anakula kwa bidii kweli kweli. Nikamwuliza Nyakim, "Huyu mzee ameadhibiwa?"

Akaniambia, "Hapana, Mama. Huyu iko mteja yangu ya kila Jumamosi. Akimaliza sahani anasema, leta ingine, na usiambie watu."

Chekeni tu, mimi sijataja jina la mtu. Mzee, usigeuke, huko nyuma yako hakuna ukuta. Ukuta wako uko Kakuma.

Ningeinyamazia siri hiyo hadi kaburini. Lakini wiki iliyopita nilikuwa hapa shuleni jua likizama, nikamwona Nakuleu wa darasa la nne akienda bwenini. Wenzake wanakimbia, yeye anapapasa ukuta kwa mikono yote miwili. Mchana anaona vizuri, lakini kiza kikianza kuingia, haoni. Zahanati wamempa dawa, na wakarudia wimbo wangu ule ule mliouchoka: mboga za majani, mapapai, mayai, maini, samaki. Nakuleu ni mjukuu wako, Mzee Aukot. Nilikasirika siku ile, na hasira hiyo ninayo hadi sasa. Wewe unautazama ukuta ili ule, na mtoto anaushika ukuta kwa kukosa hicho unachokula.

Mficha uchi hazai, Mzee wangu. Hebu niambie, ulipoagiza ile sahani ya pili, mbuzi wako walipungua? Hata mmoja alikufa kwa aibu? Na hawa watu unaoogopa watasema, si ndio hawa wanaokuchekea hapa, na wengine wao, ninavyowajua, wamewahi kukaa kwenye kona ile ile?

Sina mengi zaidi. Nyakim, lete sahani: ugali wa kiasi, samaki, kunde, kipande cha papai. Ya kwanza ni ya Mwenyekiti. Ya pili ni ya Mheshimiwa Lokaale, na maji yako hapa. Mikono ya kura itafuata, nami nitaondoka Lodwar nikijua nimeacha nini.

Nakuleu amekaa pale mbele, Mzee. Jua bado lipo, anakuona vizuri.

Ninyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe, babu yake, kula ukimtazama.