Utepe wa Lorene

Wade Kessler alikuwa amemtangazia kila mtu kwamba kijitabu cha historia ya maonyesho ya mifugo ya vijana wa kaunti amekiandika kwa jasho, akiwahoji wazee nyumba kwa nyumba. Sasa amekalia robota la nyasi kwenye tela linalovutwa na trekta kutoka maegeshoni, na mbele yake wazee wawili wasiojuana wanakisoma kijitabu hichohicho.

"Eti mshindi wa kwanza ni dume la akina Tietz!" bibi akafoka. "Mwaka ule wa ukame ng'ombe walitoka wapi? Utepe wa zambarau, ule wa ubingwa, aliupata kuku wa dada yangu Lorene. Tulimzika nao."

"Mlimzika kuku?"

"Lorene, we mzee!"

"Pole, mama. Ila Tietz ndiye mimi. Baba hakufuga hata mbuzi, lakini mwanahistoria akinigawia dume, nilirudishe kwa nani?"

"Kwa mwongo aliyekupa! Saa sita wanawataja washindi wote kwenye kipaza sauti, na Lorene hayumo."

"Basi nitalipigia dume langu makofi mawili, moja la dada yako."

Wade alishusha kofia mpaka puani, akavipenda ghafla viatu vyake. Trekta likasimama langoni. Dereva, mjomba wake, akageuka.

"Wade, mbona umejikunyata? Waambie wazee ulivyohangaika. Nilikuwepo: ulikiandika chote dakika ishirini, umekalia ndoo bandani kwa nguruwe, soseji mkononi."

Abiria wote wakashuka, isipokuwa Wade, na bibi aliyemzibia njia.