Mdomo Hufunikwa, Kamba Hufungwa

Ndugu wafiwa, majirani na wenzetu wa bandarini, kamati imenipa dakika tano nisome historia ya kaka yangu, na karatasi waliyoipitisha jana ni moja, lakini mkononi mwangu mnaziona mbili, kwa hiyo naomba mtu asinikatize, maana hasira zangu mnazijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu seremala, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, mimi nikiwa kitinda mimba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akaishia hapo kwa sababu msumeno ulimkata baba vidole na nyumba ikahitaji mikono mingine. Tarehe 2 Mei 1969 aliajiriwa bandarini kuwa kuli wa magunia, tarehe 10 Desemba 1977 akafunga ndoa na shemeji yangu huyu, mshona nguo, wakajaliwa watoto wanne, watatu wako hapa mbele yenu, mmoja alitangulia kwa surua mwaka 1986.

Mwaka 1981 alifanywa msimamizi wa genge, na hapo ndipo alipopata jina la Bwana Funika, kwa sababu ule uwazi wa kwenye sitaha, unaoshushiwa shehena hadi ngamani, tumboni mwa meli, kila mtu aliuita atakavyo, wazee wakisema falka, mabaharia wakisema mdomo, makarani wakisema mlango, na wavivu wakisema pale, naye akachukua chaki akaandika kwenye stoo ya kamba kwamba kuanzia leo ni mdomo, mdomo hufunikwa kwa mbao, turubai hufungwa kwa kamba juu ya mbao, na asiyejua tofauti akafunge ndoa, huko kufunga hakujaua mtu. Tulicheka sana, mimi kuliko wote.

Sasa nageuza karatasi.

Ijumaa tarehe 19 Agosti 1988, saa tatu asubuhi, mvua ilianza kunyesha juu ya shehena ya saruji, marehemu akaniambia mimi, mpeleka ishara wake, "Waambie wafunike namba tatu," nami nikakimbia nikipiga kelele, "Fungeni namba tatu, fungeni upesi!", wenzangu wakafanya nilichosema, wakavuta turubai wakalifunga kamba pande zote nne, bila ubao hata mmoja chini yake. Karani wa shehena alipofika akauliza, "Pamefungwa?" nikamjibu, "Pamefungwa, mzee, pita," akapita juu ya turubai, likazama naye hadi ngamani.

Karani yule alikuwa mume wa mama huyu aliyeketi mstari wa pili, mwenye fimbo.

Mbele ya wachunguzi, kabla sijafumbua kinywa, kaka alisema neno lilitoka kwake, akavuliwa usimamizi, akapewa ufagio wa ghala la sita kwa miaka kumi na minane hadi alipostaafu, na watu wakamzomea kwamba Bwana Funika mwenyewe ndiye aliyesema funga, mimi nikisikia, nikinyamaza, nikipandishwa cheo. Nilipotaka kusema aliniambia, "Una mtoto wa wiki mbili, mdogo wangu, nyamaza kwanza," nami hiyo kwanza nikaifanya miaka thelathini na mitano. Mimi ninayejisifu kwamba sijui kuzungukazunguka.

Alianza kuugua mapafu Novemba 2021, akalazwa mara nne, akafariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, na siku moja kabla, muuguzi alipomwambia, "Babu, ngoja nikufunge shuka," alimrekebisha kwa pumzi aliyobaki nayo, "Shuka hufunika, mwanangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliochota maji na kupanga viti, na wenzake wa ghala la sita waliokuja na nguo zao za kazi. Nawe, mama wa mstari wa pili, uliyekataa salamu yake miaka yote hiyo na bado leo umekuja, sikuombi unijibu hapa, ila ujue kwamba salamu uliyopaswa kuikataa haikuwa yake, ilikuwa yangu.

Kaka, nimechelewa, lakini nimekufungua kabla hatujakufunika. Pumzika kwa amani.