Kisu Nilichokiogopa

Wa kuitikia salamu waitikie, wa kusema amina waseme. Leo humu ukumbini tumechanganyika, Watanga, Wakongo, Warundi, na maradhi hayaulizi pasipoti. Mkiniona nakohoa msishtuke, ni baridi hii ya Joburg tu.

Ndugu zangu, nilianza kuona damu chooni. Nikasema bawasiri. Nikanywa mizizi, nikanywa mwarobaini, nikakonda mpaka sketi naifunga kwa pini. Kumwambia mtu? Thubutu! Mwanamke wa Tanga aseme habari za choo mbele za watu? Jirani yangu Mkongo, msusi, ndiye aliyenikuta nimejikunja kwenye ngazi za jengo letu. Akasema, "Weye mama, utakufa juu ya aibu? Vaa viatu, twende."

Hospitali wakaniingiza kamera. Uvimbe kwenye utumbo mpana, kansa. Daktari akataka nipasuliwe mapema, nikakataa. Msinicheke, nanyi mmeyasikia: kansa ikiguswa na kisu inatapakaa. Shangazi yangu alipasuliwa, na Idi haikumkuta. Nikamwambia binti yangu, "Waambie tunaondoka."

Huyu binti amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo kazi. Tukigombana yeye Kizulu, mimi Kitanga. Siku ile hakuinuka. Alimuuliza daktari kwa Kiingereza, akauliza tena, machozi yanamtoka. Kisha akapenyeza vidole vyake katikati ya vyangu, akabana.

"Mama, seli za tumbo zinashikana hivi. Iko kitu kama gundi, ni protini. Kansa ikipoteza hiyo gundi, inaachia." Akachomoa kidole kimoja. "Inaingia kwa damu, inaenda kwa ini. Huko inapata gundi ingine, inashika, inakaa."

"Na kisu je?"

"Daktari anasema labda ya shangazi iliachia kabla ya kisu. Yako, kwa ini hawaoni kitu. Lakini haingoji, Mama. Mimi nitabaki na nani?"

Jamani, hapo nilivunjika. Mtoto asiyewahi kuniomba hata chumvi kwa Kiswahili, leo amekusanya maneno yake yote kuniomba nisife! Nikasema, "Leteni karatasi nitie sahihi."

Wakakata kipande cha utumbo. Kwenye tezi za karibu walikuta seli chache zimeshatoka, ndiyo maana nikatundikiwa dripu za dawa. Nilitapika, wallahi, vidole vikafa ganzi. Msusi wangu akawa ananiletea uji, ananisema nisipoumaliza. Mara ya mwisho kupimwa, ini safi, alhamdulillahi. Sisemi yamekwisha, daktari mwenyewe hasemi. Lakini nipo, nakula, nagombana na mwanangu.

Namshukuru Mungu, namshukuru jirani aliyenivuta, na wewe binti unayejificha nyuma ya pazia, nakushukuru kuliko ninavyoweza kusema. Eish, nisije nikalia.

Nawaambia, wenzangu, kwa kifo cha shangazi yangu nilikilaumu kisu bure. Alichelewa, kama nilivyotaka kuchelewa mimi. Na najua humu yupo anayeona damu na kunyamaza, maana nami nilikaa kwenye viti hivi, nakunywa chai, nimenyamaza. Usinyooshe mkono. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa kliniki. Njoo, mtu akikuuliza, mwambie umenisindikiza mimi.