Zamu ya Kukataa: Maisha ya Sebahire Théophile

Katekista Grégoire ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu. Namwomba tu Kabera, aliyekuwa kapita, yaani msimamizi wa kazi, wa marehemu na ambaye tayari amejipanga mbele kati ya wabebaji wa jeneza, asiondoke kabla sijamaliza.

Kaka yangu Sebahire Théophile alizaliwa tarehe 9 Mei 1919 kwenye kilima chetu hapa Masisi, mtoto wa kwanza wa wakulima wa maharagwe na mihogo. Alisoma misioni hadi mwaka wa nne, akabatizwa, kisha baba akamhitaji shambani.

Mwaka 1941 alikwenda Walikale kupasua mbao za madaraja ya barabara ya Hombo. Gogo huwekwa juu ya kichanja. Mmoja husimama juu yake, mwingine chini, wakivuta msumeno mmoja. Wa chini haoni kitu ila unga wa mbao, na uhai wake umo mikononi mwa wenzake. Kwa hiyo Théophile, alipofanywa kiongozi wa kikosi, aliweka desturi: kabla gogo halijapandishwa, mmoja wao hupewa zamu ya kukataa. Kazi yake siku hiyo ni kutafuta kosa na kulisema, hata likiwa la mkubwa, na hakuna ruhusa ya kumnunia.

Hakorimana, mpole kuliko wote, siku ya zamu yake alisema kwa sauti ndogo, "Papa Théo, ile kamba ulifunga iko mubaya." Théophile alibisha, akafoka, kisha akaivuta kamba, ikakatika. Jioni alimpa Hakorimana kipande chake cha nyama. Tangu hapo Hakorimana alikataa hata chumvi ya maharagwe.

Alimwoa Verdiane kanisani tarehe 12 Agosti 1944. Desturi ya zamu aliileta nyumbani, na Verdiane akazichukua zamu zote. Waliicheka miaka yote.

Mwaka 1954 Kabera aliletwa kuwa kapita juu yao, akaifuta zamu. Asubuhi ya tarehe 20 Aprili 1955, baada ya mvua, Théophile alimwambia, "Kapita, miti ya kichanja ilioza kwa chini. Tukate ingine kwanza."

Kabera akajibu, "Wewe njo kapita, ama mimi? Kama unaogopa, Hakorimana ataingia chini."

Hakorimana alikuwa bado anatetemeka kwa homa. Wengine waliangalia miguu yao. Mnajijua, nawaona hapo. Théophile akaingia mwenyewe. Kichanja kikavunjika, gogo likamwangukia kiunoni.

Kabera aliwaambia wakubwa kwamba Théophile alikuwa amelewa. Kaka yangu hakuonja pombe tangu ndoa yake, na uongo huo ulimuuma kuliko mfupa uliovunjika. Alilala kitandani karibu mwaka mzima, Verdiane akimgeuza na kumlisha. Kabera hakuja hata kumsalimia. Théophile alifariki nyumbani tarehe 14 Machi 1956.

Kabla ya kufa aliniambia, "Mukashema, Kabera akikuja kunibeba, mumuache. Mimi nilishamusamehe."

Nimesikia, kaka. Lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba hakuna mzigo unaoinuliwa kabla mmoja hajapewa zamu. Leo zamu ni yangu, nami nakataa. Kabera, mimi sijakusamehe, wala sitaki. Ondoa mkono kwenye jeneza. Hakorimana, ingia mahali pake.

Marehemu ameacha mjane Verdiane, mama yetu Mukagasana, mimi dada yake, na watoto wawili, Marie na Edmond, ambao sokoni Sake wanaitwa watoto wa mlevi. Basi wasikie ukweli leo kutoka kinywa kile kile kilichodanganya. Jeneza hili halitainuliwa mpaka Kabera aseme mbele yenu wote kama baba yao alikuwa amelewa siku ile. Mvua ikinyesha, itunyeshee hapa hapa. Tunangoja.

Kabera akishasema, kaka yangu apumzike kwa amani.