Nyumba ya Mama Idara

Ndugu waombolezaji, majirani, na wageni wetu kutoka chuo kikuu, mimi ni mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na nimepewa kazi hii kwa kuwa, wanasema, nina sauti kubwa.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii mnayoiona, wakati mtaa ukiwa na nyumba pande zote mbili, na chuo kikiwa jengo moja tu kule juu, lenye kengele iliyotujulisha saa ya kuanua nguo. Alisoma shule ya mtaani hadi darasa la saba, mwaka 1966, akajifunza ushonaji kwa shangazi yetu, na mwaka 1972 akaweka cherehani barazani, akashona sare, mapazia, na baadaye majoho ya mahafali ya chuo, hata kila mwaka baraza likajaa nyuzi nyeusi na vijana waliochelewa, nasi wadogo zake tukipiga pasi huku tukigombezwa.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi umeme, mtu mpole, aliyehamia kwetu badala ya kumhamisha mke, wenye midomo yao wakasema wee mpaka wakachoka, na wanandoa wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana ambaye ni dereva. Shemeji alitutoka mwaka 2009.

Jamani, mtaa huu ulikuwa mtamu. Fundi wa kuchomelea vyuma, nyumba ya tatu kutoka hapa, alikuwa na ngazi ndefu iliyozunguka kwa kila mtu, naye mwenyewe akiihitaji ilibidi aitafute. Kisha chuo kikapata fedha, kikanunua nyumba moja baada ya nyingine, kwa bei ambayo simlaumu aliyeipokea, fundi akahama na ngazi yake, na kwenye ukuta mpya yakaandikwa maneno makubwa kwamba chuo ni jirani mwema. Dada akayaamini. Mwaka 2011 bati lilipovuja, alikwenda getini kuazima ngazi, kama mtu anavyokwenda kwa jirani, akaambiwa ngazi huazimwa na idara tu, akasema basi waandike, Idara ya Ushonaji. Mlinzi, maskini, akaandika, ngazi ikaletwa na watu wawili, na tangu siku hiyo wanafunzi wakamwita Mama Idara.

Januari 2023 aliugua figo, akatibiwa katika hospitali ya chuo hicho hicho, na sitaficha, walimhudumia kama mama yao. Kifo hakikumtisha, alichoogopa ni kwamba tukishamzika tutachoka kuombwa nyumba, na tutaiachia. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, alfajiri, wanawe wakiwa pembeni yake. Nina uchungu sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wachache mliobaki, nanyi mliohama mkarudi leo, mafundi cherehani wenzake, na uongozi wa chuo kwa mahema na viti hivi mlivyokalia. Uongozi pia ulimtuma mtu juzi, kwa heshima zote, atupe pole na kuuliza familia ina mpango gani na nyumba, na watoto wa marehemu wamekaa, wamekubaliana, wakaniomba niwajibu hapa mbele ya watu, kwamba viti tutavirudisha kesho asubuhi, nyumba haiuzwi, na binti yake anahamia Jumamosi.

Pumzika, dada yangu, pumzika kwa amani, kwako kuna mtu.