Kanda Moja Iliyobaki

Kijiwe chetu kiko Semarang, pwani ya Java nchini Indonesia, kwenye genge la kahawa la mama mmoja, Bu Parti, mkabala na kituo cha redio cha zamani. Bahari huku huingia mjini bila hodi, na mwezi uliopita iliingia mpaka chumba cha mitambo cha redio. Kompyuta iliyotunza nyimbo zote ikafa. Tumaini likabaki kwenye kanda nne za akiba, vijisanduku vya plastiki vinavyoenea kiganjani, vilivyowekewa nakala ya kila kitu. Siku ninayoisimulia fundi kutoka Jakarta alikuwa ndani akizijaribu tangu asubuhi, na Pak Gito, yaani Mzee Gito, mpiga ngoma wa redio hiyo, hakaliki hasimamiki. Mkewe, Nyi Rumiyati, aliiimbia redio ile miaka na miaka, akafariki mwaka juzi. Nyumbani alikuwa hataki kurekodiwa, eti huko anaimba ovyo. Sauti yake haikuwapo kwingine.

— Pak Gito, kaa basi, unatutikisia benchi! Aliyesema ni Breki, mwendesha baiskeli ya abiria, ambaye jina tulimpa kwa kile asichokuwa nacho.

— Nikae nifanye nini?

— Unywe kahawa. Mimi kilichoziua kanda nishakijua. Ile harusi ya jirani! Maspika kama makabati, na ndani ya spika mna sumaku. Sumaku na kanda ni paka na panya.

— Acha uongo wewe, akadakia Kamusi. Huyu alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na methali hazimwishi. — Spika ng'ambo ya ukuta itafanya nini? Huu ni ukungu. Chumba kina joto, kina unyevu, na kiyoyozi kilikufa zamani. Ukungu umebisha, kanda zimeukaribisha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo mwenyeji kapona?

— Methali haihojiwi, Breki.

Bu Parti aligeuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye mafuta.

— Mie nilimwona msafishaji wao kaziangusha ngazini. Zote, paa! Kaziokota, kazipanga, kaenda zake.

— Kuanguka si kitu, mama, akasema Breki. Iko winchi bandarini inanyanyua vyuma chakavu kwa sumaku. Ikiwashwa, jino langu hili la fedha linawasha! Ile ndiyo inanyonya nyimbo.

— Basi meli zinaondoka hapa zikiimba! akasema Bu Parti.

Tulicheka. Pak Gito hakucheka. Alivuka barabara, akachungulia dirishani, akarudi, akashika kikombe, akakitua bila kunywa.

— Semeni mtakavyo, Kamusi akasema. Ncha ya sumaku ya dunia imehama. Dira zenyewe zimechanganyikiwa, sembuse kanda?

— Mimi naona bahari ilimpenda Nyi Rumiyati, Breki akasema. Imekuja kumchukua.

Pak Gito akageuka.

— Rudia.

— Natania tu, Pak.

— Bahari iliingia kwangu ikabeba kitanda. Ikabeba nguo zake. Nilisema kitu? Sauti haibebi. Umenisikia?

Breki akainamia kahawa yake. Ndipo mlango wa redio ukafunguka, akatoka fundi, Mbak Wening, binti mwembamba mwenye macho mekundu kwa uchovu. Tukamvamia kwa maswali.

— Mbili zimeota ukungu, hazifai, akasema. Ya tatu ni tupu. Mashine ya kunakili ilikuwa chafu, ikawa inazungusha tu bila kuandika chochote. Taa ya kijani inawaka, watu wanaridhika. Hakuna aliyewahi kuirudisha na kuisoma ahakikishe.

— Na ya nne? Pak Gito akauliza.

— Utepe wake umekunjika ukingoni. Utapita mara moja tu, nami nitaunakili ukipita, ila huenda usifike mbali. Rekodi za Nyi Rumiyati zimo, nyingi. Nianze na ipi?

Tempe ikaungua na Bu Parti haoni.

Pak Gito akakaa.

— Wimbo wa harusi, Pak, nikamnong'oneza. Ule uliompa umaarufu.

Akatikisa kichwa.

— Mazoezi yetu yamo? akamuuliza fundi.

— Yamo.

— Kabla ya kuimba alikuwa ananigombeza. Anzia hapo.

Wakaingia ndani wawili. Sisi tukajazana chini ya dirisha. Tulisikia mashine ikinguruma, ikasita, ikanguruma tena. Kisha sauti ya mwanamke, kavu kidogo, ya karibu kama yuko hapo hapo:

— Gito, unakimbilia wapi? Ningoje.

Kandani mtu akacheka, ngoma ikaanza upya, taratibu. Akaimba beti mbili. Katikati ya ubeti wa tatu utepe ukakatika.

Beti hizo ndizo zilizookolewa. Bu Parti alikwenda kuzima jiko.