Jino la Nyangumi la Bubu Ulamila

Wasikilizaji wapendwa, bula. Kaeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bubu, yaani bibi yetu, Ulamila Tinai, mkunga wa kisiwa cha Nairabe. Alifariki Jumanne akiwa na miaka themanini na moja. Ulamila Tinai, mwanamke aliyeipa serikali jino la nyangumi.

Zamani Nairabe haikuwa na chumba cha kujifungulia. Mama akizidiwa na uchungu, alipakiwa kwenye mashua. Saa sita za mawimbi. Torika, binti pekee wa Bubu, alipakiwa hivyo. Alirudi amefunikwa mkeka.

Na kila mwaka waziri alikuja na karatasi ileile. Serikali imeahidi nesi na chumba cha kujifungulia kila kisiwa. Serikali imeahidi kila mwanamke ataamua mwenyewe azae lini, na watoto wangapi. Tukampigia makofi. Akala magimbi, akanywa kava, akaondoka.

Mwaka wa tatu, Bubu alifungua sanduku akatoa tabua, jino la nyangumi aliloachiwa na marehemu mumewe. Kwetu, ukipokea tabua umekubali ombi. Huwezi kusema umesahau.

Mwanawe Sakiusa anakumbuka: "Nilimwambia, 'Mama, hilo ni la kumposea Losena!' Akanijibu, 'Na ukishamposa, atazalia wapi? Kwenye mashua?'"

Waziri alipomaliza kusoma, Bubu alipiga magoti mbele yake, jino mikononi.

"Ulamila, kaa chini!" mzee mmoja alifoka. "Hiyo kazi ya wanaume!"

"Basi zaeni nyinyi, mimi nikae."

Watu wakaangua kicheko. Waziri hakucheka.

"Mheshimiwa," Bubu akasema, "ombi langu ni hiyo karatasi yako. Sijaongeza hata neno."

Mikono ya waziri ilibaki hewani. Kisha akalipokea.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya miezi kumi na minne chumba kilisimama. Nesi akaja, na vidonge na sindano za kupanga uzazi. Sakiusa aliposa kwa mikeka na mafuta ya nazi tu, na Losena akamkubali. Mtoto wao ndiye wa kwanza kuzaliwa mle ndani. Tangu hapo wamezaliwa watoto mia tatu na tisa. Narudia, mia tatu na tisa, na hakuna mama hata mmoja aliyekufa. Mimi ni mmoja wa watoto hao.

Jana, msibani, yule waziri alishuka kwenye mashua na mkongojo wake. Mkononi alikuwa na jino lilelile.

"Lilinitisha kuliko bunge zima," alisema. "Nililitundika mbele ya meza yangu mpaka chumba kikakamilika. Sasa nalirudisha kwa mwenyewe."

Losena akapiga kigelegele, akilia. Nasi tukafuata.

Kwa Sakiusa, Losena na wajukuu wote, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Bubu apumzike karibu na Torika wake.

Mwezi ujao waziri mpya anakuja na karatasi yake. Safari hii imeahidiwa mashua ya wagonjwa. Sakiusa ameshalipaka jino mafuta, linang'aa. Tufikiri, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja nyumbani kwake: siku hiyo, nani atapiga magoti?